Povu Lililotokea Chooni

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hadi leo, na mwili unanisisimka. Jina langu linajulikana kuanzia Kabasa mpaka Mugango, na sikupewa na cheti. Niliishia darasa la nne, nikabeba dagaa mwaloni Mwigobero, nikabeba mabomba ya wachimba visima, leo nina mashine yangu mwenyewe ya kuchimbia. Mtu kama mimi haaibiki ovyo. Siku ile niliaibika.

Ilikuwa kiangazi, kitongoji kimoja nyuma ya Butiama. Wanawake walikuwaga wanaondoka alfajiri kutafuta maji, wanarudi jua la utosi. Nimeshaisimika mashine pa kuchimba, watu wamejaa, akaja Mzee Magesa, mchimba vyoo kwa tindo.

"Kijana, hapa hapana. Choo kile cha kanisa nilikichimba mimi. Chini nilikuta jiwe limepasuka, ufa unakuja huku." Akanyoosha fimbo kutoka chooni, akaifuatisha na mstari mwembamba wa majani mabichi uliokata nyasi kavu, hadi miguuni pangu.

Nikacheka. "Mzee, choo kiko bondeni, mimi niko juu. Mavi yanapandaga mlima?"

Watu wakavunjika mbavu. Yeye hakucheka. "Mlima unaujua wewe. Ufa hauujui."

Debe tupu haliachi kuvuma, nikawasha mashine. Unga wa kijivu ukatoka, jiwe zima hilo. Ghafla nyundo ya mashine ikazama kama imekanyaga hewa, vikatoka vipande vya mawe vyekundu kama kutu, kisha maji. Vigelegele! Nikakinga kikombe, nikanywa mbele ya wote.

"Mkoa wa Mara mzima, nani kama mimi?"

Wanawake wakajaza ndoo. Nami nikamimina sabuni ya kuchimbia, nikasukuma upepo wa mashine chini kusafisha kisima.

Mara Mama Nyangeta akatoka chooni mbio, kanga mkononi. "Jamani, choo kinachemka!"

Tukakimbia kule. Povu jeupe, la sabuni yangu mimi, lilikuwa linapanda kwenye tundu na kumwagika sakafuni, pamoja na vya chooni. Nikazima mashine, likatulia. Nikawasha, likapanda tena. Upepo wangu ulikuwa umepita humo humo kwenye ufa; na uchafu wa choo nao ungeshuka humo humo hadi kisimani, maana kisima kilikwenda chini kuliko choo.

Nikageuka, naona mama mmoja ameshapeleka kata mdomoni mwa mtoto.

"Mwageni! Mwageni yote!"

"Baba, nimetembea mwaka mzima kufuata maji," mama yule akasema, ameikumbatia ndoo. "Leo yamekuja mlangoni, nimwage?"

Mzee Magesa ndiye aliyeipokea ndoo taratibu, akaimwaga. Kisha akaniambia, bila hasira, "Ungeniuliza tu."

Nilikiziba kile kisima kwa saruji mpaka juu. Nikatapika siku mbili kwa kikombe kile nilichokunywa. Kisima cha pili nilichimba pale alipoonyesha yeye, kwenye ufa mwingine, mbali na watu.

Kwa hiyo mwanangu, usipime kwa hatua na mteremko peke yake. Tazama majani yaliyojipanga kijani wakati wa ukame, tazama miamba iliyopasuka kuelekea upande mmoja, soma rangi ya vipande. Ukiuona ufa, usishangilie maji kwanza. Uliza unatoka wapi. Na yule aliyewahi kuchimba hapo kwa mkono, hata kama ni shimo la choo, mvulie kofia. Kuuliza si ujinga. Ujinga nilikuwa nao mimi, na mashine juu.

Mungu akufungulie mwamba ulio safi, unywe wewe, wanywe na watoto wa wenzio, wala pasiwe na mama atakayemwaga maji yake.