Shamba Lililosimama

Kwa miaka mingi slaidi za ofisi yetu nilizitengeneza mimi, kwa programu ile ile ya zamani. Ofisi ni ndogo, iko mjini Morogoro, inawatafutia soko wakulima wa mboga wa Milima ya Uluguru. Bluu nyuma, maandishi meupe, picha moja kila ukurasa, na hakuna aliyelalamika. Kisha akaajiriwa binti kutoka Turiani, akaja na programu ya kubuni, ile ya mtandaoni yenye michoro na picha zilizo tayari, na ofisi nzima ikawa haina habari nyingine. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nilimwonea wivu, sifichi. Nilikuwa nikipita nyuma ya kiti chake kwa kisingizio cha kufuata chai, namwona anavuta ua hapa, anabadili rangi pale, kinatokea kitu kizuri hadi roho inaniuma. Mbaya zaidi, alikuwa na adabu. Kila asubuhi shikamoo dada, hadi nikakosa pa kumchukia.

Bosi akasema programu mbili ni vurugu. Tupande mlimani, kila mmoja awaonyeshe wakulima kazi yake, na itakayowaingia ndiyo itakayobaki. Nilielewa maana yake: mmoja wetu atarudi kuchapa barua.

Tulikutana nao kwenye ukumbi wa parokia, kijijini kwetu, mama yangu akiwa mstari wa mbele. Nilianza mimi. Walinisikiliza kwa heshima, wengine wakasinzia. Alipoanza yeye, ukumbi mzima ulinyoosha shingo. Ndipo ikatokea picha ya shamba, tambarare kama meza, na trekta katikati. Kwetu shamba limechongwa ubavuni mwa mlima. Ukiteleza unaangukia kwa jirani.

“Mwanangu,” mama akamwambia, “shamba hilo limelala. Ya kwetu yamesimama.”

Watu wakacheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nikijua nimeshinda. Binti naye akacheka, kisha akaniomba, mbele ya bosi, picha ya shamba la mama. Ningekataaje? Nikamtumia moja tu, mbovu kuliko zote, ile iliyojaa ukungu.

Aliigeuza bango, na ukungu ule ndio uliolipendezesha. Wakulima waligombania nakala. Ofisi ikabaki na programu yake, na siku hizi ananifundisha, nami najifunza huku nimenuna.

Nilipokwenda nyumbani sikukuu, nilikuta bango lake limebandikwa sebuleni. Nakala ya picha ile ile nilimchapishia mama zamani. Ipo kwenye sanduku, chini ya kitanda.

“Hiyo picha nilipiga mimi, mama.”

“Najua,” akasema, macho yakiwa bado ukutani. “Mlete huyo mwenzio, nimpikie.”