Kisima Alichotuachia Baba

Kabla baba hajaenda Uchindile kufanya kazi kwenye mashamba ya miti, alituchimbia kisima nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Viwanja Sitini. Alichimba mwenyewe kwa sululu, akakijengea kwa matofali ya kuchoma. Siku anaondoka alimwambia mama, "Shida ya maji nimewamalizia."

Alikuja nyumbani kwa nadra. Mama alipomkumbuka, alikwenda kuchota maji hata kama ndoo zote zimejaa. Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa namwona.

Masika moja mto Lumemo ulifurika mpaka uani kwetu. Maji ya vyoo yakaingia kisimani, na mdogo wangu akaharisha hadi akalazwa. Baadaye watu wa mradi wa maji wakachimba kisima kirefu mtaani, wakafunga pampu ya mkono. Kina mama kadhaa, wa kwetu akiwemo, wakafundishwa kuifungua na kubadilisha mipira ya ndani ikichakaa, ili pampu isife wageni wakishaondoka. Bwana afya akaagiza visima vya wazi vifunikwe. Mama alikuwa wa mwisho kukubali. Mafundi walipomwaga zege juu ya kisima chetu, aliingia ndani akalia.

Baba akaja kiangazi. Mama akampa maji.

"Haya si ya kwangu," baba alisema. "Yana ladha ya chuma."

"Ya kwako yalimlaza mtoto, baba watoto."

Akatoka, akakaa juu ya lile zege. Mama akamfuata.

"Kule Uchindile kwenye baridi," baba alisema, "nilikuwa najifariji kwamba angalau mnakunywa maji niliyochimba mimi."

"Sisi tulikuwa tunakutaka wewe. Rudi."

Aliondoka tena, lakini msimu uliofuata alirudi moja kwa moja, akiwa na kikohozi kisichoisha. Pampu ilipoharibika walikwenda pamoja: yeye anashikilia mabomba, mama anabadilisha mpira huku akimfokea asiyaachie. Wakirudi wamelowa, mikono ina grisi, wanacheka.

Haikuwa miaka mingi. Tulimzika baba, kisha mama.

Siku hizi naishi mbali, maji yanatoka ukutani. Jioni nyingine nafungua bomba bila kuwa na cha kuosha, nasimama tu pale, nikitamani kumsikia mama akifoka, "Shikilia, wewe mzee, shikilia!"