Ulimi Mkavu, Tendegu Bichi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Majengo, Fundi Mkuu aliitikia shikamoo yangu bila kuniangalia, akanipa patasi na kuniambia nichonge ulimi. Ulimi ni ncha ya mfumbati, ule ubao mrefu wa ubavuni, inayoingia kwenye tundu la tendegu, yaani mguu wa kitanda. Kwa woga niliukata mwembamba, ukacheza tunduni.

"Hapo umemwangusha mtu usingizini," alisema, akautupa motoni.

Tangu hapo sijawahi kulala kwa amani kwenye kitanda nisichokikagua.

Biashara huria ilipoingia nchini, vitanda vya chuma vikajaa madukani. Msimamizi wangu wa pili, kule Njoro, alituamuru tupige misumari tu badala ya kuchonga ulimi, ili twende na wakati. Nilitii, nikikitikisa kila kitanda kabla hakijatoka mlangoni.

Ndipo baba akaanguka kihambani, shamba letu la ukoo kule Uru, katikati ya migomba, akavunjika nyonga. Daktari alisema alazwe kwenye kitanda kirefu kisichoyumba. Mfupa ukisogea, hatatembea tena. Masika yalikuwa yamekolea na mbao kavu hazikupatikana mjini. Nyumbani tulikuwa na mti wa mgrivea uliokatwa juzi, na mbao mbichi hunywea zikikauka, viungo vikalegea.

Kwa ruhusa ya mama niliibomoa dari ya kuhifadhia mahindi juu ya meko, ambayo mbao zake zilikuwa zimekaushwa na moshi tangu sijazaliwa. Hizo nikazifanya mifumbati, na matendegu nikayachonga kwa mgrivea. Tendegu bichi likinywea huubana ulimi mkavu. Likinywea mno, hupasuka. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Kila baba alipogeuzwa, nilishika tendegu nikisikiliza.

"Mbona unakiogopa kitanda chako mwenyewe?" aliniuliza.

Nilidanganya kwamba nafuta vumbi.

Nyonga iliunga. Alitembea kwa mkongojo, akaendelea kulala hapo miaka mingi. Sasa nimestaafu, na vijana wakiniuliza ufundi ni nini, nawaambia ni hofu unayoizoea. Siwaambii habari ya asubuhi aliyofariki baba. Nilifika kitandani, na kabla sijamgusa uso, mkono wangu ulikwenda kwenye kiungo cha tendegu, ukakitikisa. Hakikucheza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Kiache kitanda, mwanangu," alisema. "Mlilie baba yako."

Nikamlilia, lakini mkono sikuuondoa.