Siku Nilipolirudisha Jina

Enzi zetu hapa Tukuyu jina halikuwa la kuokota. Lilikuwa na mwenyewe, tena mwenyewe yuko hai, anakuona, na ukifanya ujinga anasikia. Mimi Latifa, binti wa mzee wa kanisa wa Mpuguso, la kwangu nililetewa na mvua. Mama alikuwa anapelekwa hospitali kunizaa, mvua zetu zile zisizojua kukoma zikamkamata njiani, na Bi Latifa, mke wa fundi cherehani aliyetoka Tanga, akamwingiza jikoni kwake. Nikazaliwa palepale mkekani. Siku ya ubatizo mchungaji akauliza jina. Baba akasema, "Latifa." "Na la Kikristo?" "Hilohilo." Bibi yangu alinuna hadi Pasaka.

Bi Latifa alikuwa akiniita somo, yaani wa jina lake. Idd nakula pilau kwake hadi tumbo linauma, Krismasi mama anampelekea ndizi na maziwa ya mgando. Ndiye aliyenieleza kwamba kwa Kiarabu Latifa ni mtu mpole, anayetenda wema taratibu bila makelele. Loo, mpole gani! Mimi niliyepanda miparachichi kuwashinda wavulana na kurudi nyumbani gauni limechanika! Siku moja tukicheza rede, Ambakisye, mtoto wa jirani, akanipiga mpira wa uso makusudi. Nikamng'ata sikio.

Habari zikafika mjini kwa Bi Latifa kabla ya jioni. Bi Latifa akanitazama, akasema, "Somo, jina langu halijawahi kung'ata mtu. Ukirudia, nalichukua."

Jamani, nililia! Nikilala naota naitwa "we mtoto" basi. Nikawa mpole mpaka mama akanishika paji la uso: "Gwe, unaumwa?" Nilisalimia hadi mbuzi. Ambakisye alipojua siri hiyo, mshenzi yule, akawa ananipiga mpira kila siku, nami namwambia asante. Nikavumilia, nikavumilia, kisha nikamng'ata sikio la pili.

Nikaenda mwenyewe kwa Bi Latifa, kamasi zinatiririka. "Shikamoo, somo. Nimelileta jina."

Alicheka mpaka khanga ikamdondoka, akanipakata. "Halirudishwi, mwanangu. Jina ni kama gauni la shule, fundi analishona kubwa makusudi. Wewe vaa tu, litakuenea." Siku ile nilimpenda kuliko pilau yake yote.

Bi Latifa ametangulia mbele ya haki, nami nina mvi. Watu husema mimi ni mpole. Sijui, wamuulize Ambakisye. Juzi binti yangu aliyeko Mbeya kajifungua mtoto wa kike, kampa jina refu ambalo ulimi wangu wa Kinyakyusa umeligomea kabisa. Nilipokwenda kumwona nikauliza mwenye jina ni nani, nikampe mkono.

"Halina mwenyewe, Mama, tumelitoa kwenye simu. Zuri, eeh?"

Zuri, nikasema. Wazazi wa leo wanatafuta jina wamelala kitandani, chaji ikiisha wanachukua lililopo. Lakini nilikipakata kile kichanga nikakionea huruma. Siku akimng'ata mtu sikio, jina atalipeleka kwa nani?