Jani la Isale Nililomtupia Ng'ombe

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, labda kwa sababu ndiyo niliyotaka sana kuisahau. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesimama mlangoni mwa zizi letu hapa Kirua Vunjo, na mdogo wangu Elifuraha amesimama mbele yangu, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Isale unalijua, limejaa mipakani mwa vihamba vyetu, haya mashamba ya ukoo. Ukimkosea mtu ukamletea jani hilo, halikataliwi. Analipokea kwanza hata kama amevimba kwa hasira, mengine mtaongea baadaye. Mimi nililichukua, nikalitupa kwenye hori, na ng'ombe akalitafuna. Elifuraha aliangalia mpaka likaisha. Kisha akaokota begi lake akateremka.

Alikuwa amenikosea nini? Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Niliacha shule, nikashika mundu, nikawalea wadogo zangu wawili. Aikaeli alikuwa ameshaolewa Kilema mwaka huo ninaoueleza. Elifuraha, kitinda mimba, ndiye niliyemwekea matumaini yote. Kila mzigo wa majani ya ng'ombe niliopandisha kutoka tambarare, nilijiambia nambebea yeye vitabu. Alifaulu kidato cha nne, akachaguliwa kuendelea. Siku ya kuripoti hakuripoti. Nilikuja kuambiwa na mama mmoja nje ya kanisa kwamba mdogo wangu amepanga chumba Njoro na vijana wenzake, anabeba mizigo ya wageni mlimani. Amekuwa mgumu, kama wapagazi wanavyoitwa mjini Moshi.

Nilimpigia simu nikamwambia asikanyage tena uwanjani kwangu. Hapo uone hasira inavyotia upofu: kwa desturi yetu nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho wa kiume. Nilikuwa namfukuza mtu kwake.

Sasa, siku ile ya isale, jirani yetu mzee, tuliyemwita Meku, alikuwa ng'ambo ya mpaka akipogoa kahawa. Aliona yote.

"Ndeshi, ng'ombe wako amekosa majani?"

"Shikamoo, Meku. Majani anayo."

"Marahaba. Basi mbona unamlisha isale?"

Akaja mpaka ukingoni, kisu cha kupogolea mkononi.

"Baba yangu alipokea isale kwa mtu aliyemchomea nyumba. Huyu mtoto amekuchomea nini?"

"Ameacha shule, Meku. Baada ya yote niliyomfanyia."

"Ameacha shule ya nani? Aliyeacha shule akilia ni wewe. Huyu ameiacha kwa hiari yake. Makosa yake ni kukuficha, na hilo amekuja kuliombea radhi. Hayo mengine ni machozi yako ya zamani, usimvalishe yeye." Akakata jani mpakani akaninyooshea. "Sasa utapeleka wewe."

"Mimi ndiye mkubwa."

"Ndiyo maana."

Siku mbili nilibishana na jani lile. Ya tatu nilishuka Njoro. Kijana aliyekuwa akifua nje ya chumba chao akaniambia, "Elifuraha amepanda jana, dada. Kushuka ni Ijumaa."

Mwanangu, mlima huu nimezaliwa chini yake, lakini sikuwahi kuuogopa kama wiki ile. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata mifupa, na wingu halikufunguka hata mara moja. Huko juu baridi imeshaua wapagazi. Nilikamua ng'ombe nikiwaza: akibaki huko, neno la mwisho kati yetu litakuwa lile jani kwenye hori. Sikuweza hata kuomba vizuri. Nilikuwa nasema tu, mrudishe.

Ijumaa nilikata isale bichi, nikapika mtori nikaubeba kwenye chombo, nikaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni kwao. Alifika jioni, uso umebabuka, midomo imepasuka, anachechemea. Akaniona. Akaliona na jani. Akasimama mbali kidogo.

"Hilo umemletea ng'ombe gani?"

Nikainuka nikalinyoosha kwa mikono miwili, kama alivyokuwa amelinyoosha yeye. Alinisubirisha, na alikuwa na haki. Kisha akalipokea.

"Nimechoka, dada," akasema. "Hicho chombo kina chakula?"

Alikula mtori nusu, akalala amekaa, kijiko mkononi. Nikamtazama akipumua. Mimi pia, nadhani, nilikuwa sijapumua vizuri tangu darasa la sita.

Kuanzia hapo mpaka Julai iliyofuata ulikuwa mwaka wangu mzuri, ingawa ukiniuliza kilichotokea, ni vitu vidogo. Akishuka mlimani alikuja nyumbani, akateremka tambarare kukata majani, akarudi na mzigo kichwani akilalamika kwamba mizigo ya wazungu ni myepesi kuliko ya dada yake. Nilianza kunywa chai ikiwa bado ya moto. Nilijiandikisha darasa la watu wazima pale usharikani. Mwalimu alikuwa mdogo kwangu, na aliponisahihishia insha yangu ya kwanza nilitembea nayo mkononi mpaka nyumbani ili watu wanione. Krismasi Aikaeli alipanda na watoto wake, tukacheka mpaka nyama ikaungua.

Elifuraha hakurudi shule. Sitakudanganya kwamba hilo halikuniuma, liliniuma miaka. Lakini liliniuma nikiwa naye mezani.

Basi ninachokuambia ni hiki. Ukilea watu, walee wawe wao. Usiwatume kwenda kuchukua kile ulichonyimwa wewe. Kama bado unakitaka, kifuate mwenyewe. Na anayekuja kukuomba radhi, mpokee siku hiyo hiyo, hata kama moyo bado umefura. Mimi nilipewa Ijumaa ya kurekebisha. Wapo waliosubiri mlangoni kama mimi, na mtu wao hakushuka.

Mungu akujalie ndugu wa kugombana nao na kupatana nao. Kila unayempenda akipanda, amshushe salama, na akukute umefika mlangoni kwake kabla yake.