Kikaushio cha Maembe cha Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya useremala Changamwe, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Mkuu wa Karakana alinikagua viganja kabla ya kutazama cheti. Alikuwa mkali kama pilipili, nami nilikuwa na ulimi. Tukapatana hivyo hivyo.

Miaka ilipita, akanituma Jomvu Kuu kwa Bi Rukia, muuza achari. Kila msimu wa maembe alianika vipande mkekani, akashinda hapo na ufito kuwafukuza kunguru. Harusi za watu alizisikia kwa vigelegele tu. Mwaka huo mjukuu wake alikuwa aolewe Likoni, naye alimtaka bibi huyo huyo awe somo wake, wa kumfunda na kukaa naye siku zote za harusi.

“Mwanangu,” aliniambia, “nikenda, kunguru watamaliza maembe. Nisipokwenda, mtoto wallahi hatanisamehe. N'fanyeje?”

Nikamjengea kikaushio cha jua: sanduku la mbao lililopakwa rangi nyeusi ndani ili linase joto, kioo juu, trei za wavu katikati. Kwa kuwachukia kunguru na nzi, niliziba kila upenyo. Nilijiona bingwa! Siku ya pili kioo kilitiririka maji, maembe yakaota ukungu. Harusi ilikuwa inakaribia, na Bi Rukia akarudi mkekani na ufito wake. Kumwona hapo kuliniuma.

Mkuu alikuja, akafungua, akanusa.

“Hili sufuria, bwana. Embe latoa maji, nawe umefunika. Yatoke wapi?”

Tukavua mashati sote wawili. Tulitoboa matundu chini, tukayaziba kwa wavu, na nyuma tukasimamisha bomba jeusi. Hewa ya moto ikawa inapanda na kutoka na unyevu, nyingine ikaingia chini. Usiku matundu yalifungwa, maana hewa ya pwani ina maji. Jirani alikubali kuyafunga. Tulijaribu trei moja: vipande vikapindika bila kunata.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kazi ipi ninayojivunia, wakidhani nitataja milango ya misikiti. Mimi huwasimulia siku niliyokwenda Jomvu Kuu kukagua trei. Nilibisha hodi, nikapiga tena, hata jirani akachungulia.

“Bibi hayuko,” akasema. “Yuko harusini.”

Sijapata kufurahi vile kwa kumkosa mtu nyumbani kwake.