Laini ya Pembeni

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi katika duka la kompyuta mjini Kisii. Mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, sote tukimwita Madam, na sijawahi kuona mtu mkaidi kama yeye. Tulipofunga mtandao katika hospitali moja ya misheni upande wa Nyamira, tulipanga swichi tatu, vile visanduku vya kuunganishia kompyuta, moja juu ya nyingine, tukaziunganisha zifanye kazi kama moja. Madam akadai pia laini ya simu yenye modemu, iingie moja kwa moja kwenye konsoli, yaani tundu la kuamrishia swichi. Wakubwa wa hospitali walinung'unika. Hata mimi nilicheka chinichini: laini ya pembeni ya nini, na mtandao upo?

Ijumaa moja mchana karani wa hospitali akatupigia. Kompyuta zote zilikuwa zimekwama, wamezima umeme na kuwasha, wapi, na bila rekodi zake mochari haikuruhusiwa kutoa mwili. Nyuma yake nilisikia mwanamume akilia. Mama yake alikuwa azikwe Keumbu alasiri hiyo, na kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Mimi ni wa Keumbu, kwa hiyo nilimweleza Madam waziwazi. Kwetu kaburi lililochimbwa halilali wazi. Tena familia ile ilikuwa ya Wasabato: jua likishazama Sabato imeingia, hakuna atakayeshika jembe mpaka Jumapili.

"Tuchukue gari?" nikauliza.

"Barabara hiyo, na hii mvua? Utafika kesho. Leta kiti."

Akapiga ile laini ya pembeni. Modemu ikapiga kelele zake, ikashika. Mtandao wa hospitali ulikuwa haupitiki kabisa, lakini sisi hatukuupitia. Tuliingia kwenye swichi kwa njia yetu wenyewe. Herufi zikaanza kujitokeza pole pole. Madam alisoma swichi ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila papara. Mimi nilikuwa natokwa jasho, nikatamani kumsukuma.

"Wewe ona hapa," akasema. Matundu mawili ya swichi, yanayokwenda mapokezi, yalikuwa yakirushiana data bila kupumzika. Akaandika amri fupi, akalifunga moja.

Kwenye simu nyingine karani akapiga ukelele: zimeamka!

"Muulize nani ameshika waya."

Karani akasita. Ilikuwa siku ya maandalizi, naye alikuwa amefagia na kupanga ofisi yake ya mapokezi vizuri kabla ya Sabato. Alikuta waya wa mtandao umechomekwa ukutani upande mmoja, ncha nyingine imelala sakafuni. Akaichomeka nayo ukutani, pawe nadhifu. Data ikawa inazunguka humo humo hadi ikazisonga swichi zote.

"Samahani sana, Madam. Nilikuwa nasafisha tu."

"Umesafisha vizuri, dada. Sasa chomoa."

Nilimpenda sana Madam siku ile. Hakumgombeza karani, wala mimi hakunikumbusha kicheko changu.

Jumatatu yule mwana wa marehemu akaja dukani na mkungu wa ndizi begani. Akautua, akamshika Madam mkono kwa mikono yake miwili.

"Tulimfunika jua likiwa bado liko, Mama. Nilikuwa nimesimama pale mochari namwambia mama yangu avumilie kidogo, tunaenda nyumbani."

Madam aliketi kwenye kiti cha wateja akalia.